Sarafu Iliyobadilika Rangi: Uliza Ilikolala Kabla ya Kuiosha

Msimu wa kulima ukianza Gishubi, mkoani Gitega, jembe huibua vitu vingi vilivyosahauliwa: vigae vya vyungu, misumari iliyoliwa na kutu, na mara mojamoja kitu cha mviringo kilichovaa ukijani hata maandishi yake hayasomeki. Aliyekiokota hukipangusa kwa kidole gumba, akatambua kuwa ni sarafu, na papo hapo hutaka kuiosha. Hutafuta ndimu, au majivu ya jikoni, au mchanga, akasugua mpaka ing'ae. Ikishang'aa, kila kitu ambacho kingemweleza imetoka wapi na imepatwa na nini kimekwenda na maji machafu.

Rangi ngeni kwenye sarafu, iwe ya kuokotwa shambani au ya chenji uliyorudishiwa dukani, ina sababu, na mara nyingi sababu hiyo hujulikana nyumbani bila maabara. Kwa kawaida haina madhara yoyote. Mara chache inaonyesha kwamba sarafu imekutana na sumu, na aliyeisugua kwa mikono mitupu amejidhuru. Na zipo siku ambapo inaonyesha kwamba mtu anakuuzia shaba kwa bei ya dhahabu. Katika hali zote tatu, anayeanza kwa kuosha ndiye anayepoteza.

Ni ya metali gani?

Rangi ileile huwa na maana mbalimbali kwa metali mbalimbali. Wekundu juu ya chuma ni kutu. Wekundu juu ya shaba ya njano ni jambo jingine kabisa. Kwa hiyo swali la kwanza ni sarafu imetengenezwa kwa nini, na hapa Burundi jibu hutegemea ni ya enzi ipi, maana nchi hii imepitiwa na fedha za tawala kadhaa.

Wajerumani walipoanzisha kituo chao Gitega mwaka 1912, fedha yao ilikuwa rupia, iliyogawanywa katika heller 100. Rupia yenyewe ilikuwa ya madini ya fedha karibu tupu, sehemu 917 kwa kila 1,000. Heller ndogo zilikuwa za shaba nyekundu iliyotiwa bati kidogo, na zile zenye tundu katikati zilikuwa za shaba na nikeli. Wabelgiji walioingia Gitega mwaka 1916 walileta faranga za Kongo. Kati ya hizo, inayotambulika upesi kuliko zote ni ya faranga 2 ya mwaka 1943, yenye pembe sita na picha ya tembo, ya shaba ya njano. Ilipigwa Philadelphia, Marekani, vita vikiwa vimepamba moto. Mwaka huohuo Wamarekani wenyewe walipigiwa senti za chuma zilizopakwa zinki, kwa kuwa shaba yao ilihitajika kwa silaha, na senti hizo zilianza kushika kutu muda si mrefu. Mkulima wa Urundi, kwa hesabu hiyo, alipata sarafu iliyo imara kuliko ya mwenye kiwanda.

Kuanzia mwaka 1952 sarafu ziliandikwa majina mawili pamoja, Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi, na katika miaka hiyo aluminiamu ikaingia kwenye sarafu ndogo. Kati ya 1960 na 1964 ikawepo faranga 1 ya shaba ya njano yenye simba, ya Rwanda na Burundi kwa pamoja. Ufalme wa Burundi ukatoa faranga 1 yake mwaka 1965, nayo ya shaba ya njano. Baadaye faranga 1 na faranga 5 za Burundi zikawa za aluminiamu, nyepesi kama kifungo cha shati, ilhali faranga 10 ya mwaka 1968 na 1971 ni ya shaba na nikeli. Mwaka 2011 zikatolewa sarafu za faranga 10 na 50, ingawa sokoni watu wamezoea noti.

Upande wa Muyinga mambo yana nyongeza. Mpaka wa Kobero hupitisha watu na bidhaa kila siku, na shilingi za Tanzania hupita nao. Shilingi 500 iliyoanza kutumika mwaka 2014 ni chuma kilichopakwa nikeli. Shilingi 100 yenye picha ya Nyerere ni chuma kilichopakwa shaba ya njano. Ukikuta shilingi 1 ya Kenya nyeupe na nyingine ya njano, usidhani kwamba mojawapo imeharibika: iliyotolewa mwaka 1995 ilipakwa shaba ya njano, na kuanzia 2005 ikapakwa nikeli. Ndiyo maana ni vizuri kutafuta mwenzake. Sarafu ya aina moja na mwaka mmoja, ikiwekwa kando ya ile unayoitilia shaka, hujibu nusu ya maswali.

Kifaa kimoja tu ni cha lazima, nacho ni sumaku. Spika ya redio iliyokufa inayo kubwa ya kutosha. Ikivuta sarafu kwa nguvu, ndani ni chuma, hata kama nje inaonekana ya shaba au ya fedha. Isipovuta, ni shaba, shaba ya njano, shaba na nikeli, aluminiamu, fedha au dhahabu. Aluminiamu utaitambua kwa wepesi wake. Nikeli tupu nayo huvutwa na sumaku, lakini si metali utakayoikuta mara kwa mara katika chenji ya huku kwetu.

Sasa ndipo uangalie rangi, na uiangalie kwenye mwanga wa jua, si wa taa.

Ukijani

Kijani ni rangi ya shaba inayoliwa. Shaba nyekundu, shaba ya njano, hata shaba na nikeli, zote zinaweza kutoa kijani, kwa hiyo kuona ukijani pekee hakutoshi. Angalia umbile lake.

Ukijani mgumu na laini kwa kugusa, ulioenea sawasawa na kushikamana na sarafu, ni wa udongo. Ardhi ya vilima vya Gitega ina asidi nyingi. Ndiyo sababu maafisa kilimo huhimiza wakulima kuweka chokaa. Asidi hiyo inayodhoofisha mahindi huila shaba polepole, na hewa ya kaboni iliyomo kwenye maji ya mvua humalizia kazi kwa kujenga tabaka la kijani. Chini ya tabaka hilo mara nyingi kuna jingine jekundu-kahawia. Hali hii huchukua miaka mingi. Ukiwa umepewa sarafu "ya Mjerumani iliyotoka ardhini jana", na ukijani wake unatoka wote kwa kucha au kwa maji ya moto, basi ulipakwa wiki iliyopita.

Ukijani wenye ubuluu, wa rangi ya kung'aa, uliokaa kwenye mabaki ya kinywaji au chakula, hutokana na siki. Urwarwa ukichacha hugeuka siki, na sarafu iliyoloweshwa na pombe ya ndizi na kusahauliwa kwenye pembe ya kaunta itaota rangi hiyo katika siku chache. Huu huyeyuka majini kwa urahisi. Ni sumu ukimezwa, kwa hiyo sarafu ya namna hii isiingie mdomoni mwa mtoto.

Ubuluu uliokolea una chanzo kingine: amonia. Mkojo na samadi ya ng'ombe hutoa amonia, na sarafu iliyodondoka zizini au kwenye shimo la mboji inaweza kutoka na madoa ya buluu. Kwa shaba ya njano amonia ina hatari zaidi ya rangi. Jeshi la Waingereza nchini India liligundua hilo pale maganda ya risasi yaliyowekwa karibu na mazizi ya farasi yalipopasuka yenyewe msimu wa masika. Faranga ya simba iliyolala kwenye samadi inaweza kuwa na nyufa ndogo ambazo hazionekani kwa jicho; ukiibonyeza, inavunjika.

Umbile la nne ndilo la kuogopwa na kila mwenye sarafu za zamani. Ni vidoa vya kijani cheupe, vya unga mkavu, vinavyofutika kwa brashi na kurudi baada ya wiki chache, kila doa likiwa limechimba kishimo. Wahifadhi wa makumbusho huuita ugonjwa wa shaba. Kinachousababisha ni chumvi. Chembechembe za kloridi kutoka kwenye jasho, chumvi ya jikoni au mbolea zikiingia ndani ya shaba hukaa humo, na kila unyevu unapopanda hutengeneza asidi mpya inayokula zaidi. Ndiyo maana kufuta unga hakuponyi: chumvi bado imo. Sarafu za pwani, za Mombasa au Zanzibar, huugua hivi zaidi kuliko za milimani, lakini jasho la mfukoni lipo kila mahali. Sarafu yenye vidoa hivi itengwe na nyingine, iwekwe pakavu kabisa.

Halafu kuna ukijani unaonata. Ukitoa sarafu kwenye mfuko wa plastiki laini au kurasa za plastiki za kuhifadhia sarafu, na juu yake kuna utelezi wa kijani kama mafuta, kosa ni la plastiki. Plastiki nyingi laini zina vilainishi vinavyotoka taratibu, na kadiri zinavyozeeka hutoa asidi. Watu wengi waliorithi sarafu za wazee wao wameziharibu namna hii kwa nia njema.

Weusi, kahawia na rangi za upinde

Rupia ya fedha ikiwa nyeusi, si kwamba ni bandia. Fedha hukutana na salfa iliyomo hewani, katika moshi, vitunguu, mayai, sufu na karatasi duni, ikajifunika tabaka jembamba. Tabaka hilo huanza njano hafifu, likawa kahawia, kisha zambarau na buluu, mwisho jeusi. Rangi hizo zikifuatana kwa ulaini kutoka ukingoni kwenda katikati, sarafu imebadilika yenyewe kwa miaka. Zikiwa zimekatika ghafla, au zimeingia hata ndani ya mikwaruzo mipya, mtu amezitengeneza kwa dawa au kwa moto. Mstari mweusi ulionyooka kukatiza uso wa sarafu karibu kila mara ni alama ya mpira wa kufungia noti, kwa kuwa mpira huimarishwa kwa salfa.

Shilingi za Afrika Mashariki za Waingereza, zilizopigwa kati ya 1921 na 1946 na kutumika Tanganyika, zina tabia yao. Fedha ndani yake ni robo tu. Zikisuguka sana, sehemu zilizoinuka hutoa rangi ya manjano yenye wekundu, na wengi wakiiona hudhani wamepewa shilingi bandia. La, ni robo tatu ya metali nyingine inayojitokeza.

Moto una alama zake. Shaba nyekundu ikipata moto wa makaa hugeuka nyeusi na weusi huo hubanduka magamba, ukiacha wekundu chini. Chuma hutoa rangi ya njano ya majani makavu kikifika karibu nyuzi 220, na buluu karibu na nyuzi 300, joto ambalo jiko la makaa hulipita kwa urahisi. Aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660. Faranga 1 ya Burundi iliyojikunja ukingo au kuvimba malengelenge imepita jikoni au kwenye nyumba iliyoungua. Sarafu ya moto haitengenezeki. Kinachowezekana ni kuijua tu.

Upo weusi mwingine wa nyumbani kwetu ambao vitabu vya sarafu vya Ulaya haviutaji. Maganda ya kahawa, majani ya chai na utomvu wa mgomba vina tanini. Tanini ikikutana na chuma hutengeneza wino mweusi, uleule ambao zamani ulitumika kuandikia. Sarafu ya chuma iliyopakwa, ikiwa tabaka lake limechubuka kisha ikalala kwenye maganda ya kahawa mabichi, hutoka na madoa meusi yenye ubuluu pale palipochubuka tu. Kama sumaku inaivuta na madoa yamefuata mikwaruzo, umepata jibu.

Wekundu

Hapa sumaku humaliza ubishi. Ikivuta, wekundu ni kutu: tabaka la nikeli au la shaba ya njano limetoboka, mara nyingi ukingoni ambako sarafu hugongana na wenzake, na maji yamefikia chuma. Kutu hiyo huanza kwa nukta za rangi ya chungwa na kuinua tabaka la juu. Sarafu ya chenji yenye kutu bado ni fedha halali; itumie mapema kabla namba hazijafutika.

Isipovuta, na sarafu ni ya shaba ya njano, basi zinki imetoka. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na asidi ya udongo au ya jasho huondoa zinki kwanza. Kinachobaki ni shaba nyekundu yenye vitundu vidogovidogo. Faranga 2 ya tembo ikitolewa ardhini mara nyingi ina mabaka ya waridi au mekundu ya namna hii. Hakuna dawa ya kuirudisha zinki. Na angalia: ndimu hufanya jambo lilelile kwa dakika chache. Ukiona shaba ya njano yenye waridi usio na mng'aro, sawasawa pande zote, bila uchafu hata ndani ya herufi, jua kuna aliyeiloweka kwenye ndimu au soda. Mnunuzi mzoefu ataiona kutoka mbali na kushusha bei.

Rangi ya kucha, rangi ya nyumba na wino navyo huonekana kwenye sarafu, kwa sababu watu huzitia alama. Hivyo hukaa juu tu. Sindano ya mbao huvibandua vipande.

Weupe, na zebaki

Unga mweupe juu ya aluminiamu ni jambo la kawaida mahali penye unyevu, na hauna neno. Ukiwa na mashimo na rangi ya kijivu-nyeusi, chunguza kama sarafu imeoshwa kwa majivu. Majivu yenye maji ni magadi makali, na aluminiamu haiyavumilii. Saruji mbichi hufanya vivyo hivyo. Sarafu iliyodondoka kwenye mfuko wa fundi mwashi hutoka imeliwa. Akina mama wanaosugua sufuria kwa majivu wameuona weusi huo, ila sufuria ni nene na faranga 1 ni nyembamba.

Shaba iliyogeuka nyeupe ndiyo inayodai tahadhari. Inaweza kuwa lehemu, ikiwa sarafu iliwahi kutiwa pete ya mkufu; lehemu ni ngumu, ina kingo, na haifutiki. Inaweza kuwa zinki iliyopakwa katika jaribio la shule. Lakini katika eneo la Muyinga, hasa Butihinda ambako wananchi huchimba dhahabu kwa mikono, lazima ufikirie zebaki. Wachimbaji wadogo katika Afrika Mashariki wameitumia kwa miaka mingi kukamata chembe za dhahabu, na zebaki hushika shaba na fedha kwa haraka vilevile. Sarafu ya shaba iliyoguswa na tone lake, au na kidole kilichoshika zebaki, hupata ngozi nyeupe inayometa, yenye utelezi, inayopakazika ukiigusa. Baada ya siku kadhaa mng'aro hufifia ukawa kijivu. Kipimajoto kilichovunjika kinaweza kuleta matokeo hayohayo. Juu ya aluminiamu zebaki hufanya ajabu nyingine: huotesha nyuzi nyeupe laini zinazorefuka mbele ya macho, na sarafu inaliwa hadi kutoboka.

Zebaki hutoa mvuke hata bila moto, na mvuke huo ukivutwa hudhuru ubongo na figo, kwa watoto na waja wazito zaidi. Kwa hiyo ukishuku, usisugue, usinuse, na kwa hali yoyote usiichome sarafu kuirudishia rangi. Kuchoma ndiko kunakotoa mvuke mwingi kwa mara moja. Ishike kwa mfuko wa plastiki, itie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, weka chupa nje ya nyumba mahali watoto hawafiki, nawa mikono kwa sabuni, kisha uwaulize watu wa kituo cha afya pa kuipeleka. Vua pete ya dhahabu kabla ya kushughulika nayo, maana zebaki itaishika nayo pia. Nchi nyingi zimekubaliana kupunguza matumizi ya zebaki katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, lakini sarafu iliyomo kwenye kibweta chako haisubiri mkataba. Faranga moja haistahili hatari hiyo.

Rangi ya dhahabu

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowabana Wajerumani, mwaka 1916 walipiga sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli Tabora. Walitoa heller 5 na heller 20 za shaba ya njano na shaba nyekundu, zenye sura ya kazi ya haraka, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Hiyo ya tembo hutafutwa sana na wakusanyaji, na kwa sababu hiyo hughushiwa sana. Kwa wakazi wa njia ya Kobero, uwezekano wa kuonyeshwa "rupia ya dhahabu ya Tabora" ni mkubwa kuliko uwezekano wa kuiona iliyo halisi.

Usitegemee rangi. Pima. Rupia 15 halisi ni dhahabu robo tatu na uzito wake ni karibu gramu 7.2. Shaba ya njano ya ukubwa na unene uleule haitafika gramu 5. Mizani midogo ya wanunuzi wa dhahabu inatosha kabisa. Ikiwa mghushi ameongeza unene ili uzito utimie, ining'inize kwa uzi ndani ya kikombe cha maji kilicho juu ya mizani, bila kugusa chini. Andika namba inayoongezeka, kisha gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Shaba ya njano itakupa karibu 8.5, shaba nyekundu 8.9, fedha tupu 10.5, dhahabu robo tatu itakupa karibu 15. Aluminiamu ni 2.7. Kipimo hiki hakidanganyiki kwa kupakwa, wala hakiharibu sarafu.

Makosa ya kiwandani yapo pia: sarafu iliyosahauliwa kupakwa, au iliyopigwa juu ya metali isiyo yake. Ni machache mno. Ukidhani umepata moja, linganisha uzito na mwenzake. Ukiwa sawa kabisa na sumaku inajibu sawa, unachokiona karibu hakika ni uharibifu wa baadaye.

Kama ni lazima kuosha

Ukishajua sababu, na kama si zebaki, loweka sarafu kwenye maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi. Badilisha maji kila siku mpaka yabaki meupe. Usisugue. Udongo uliobaki utolewe kwa mwiba au kijiti cha mti laini, si sindano ya chuma. Wengine hushauri maji ya betri yasiyo na asidi, na kweli ni safi, lakini madukani chupa ya maji na chupa ya asidi huuzwa kando kwa kando na zote huitwa maji ya betri. Atakayekosea atapoteza sarafu, pengine na jicho. Maji ya mvua yanatosha.

Ukijani unaonata wa plastiki hauondoki kwa maji. Unahitaji asetoni safi, nje ya nyumba, mbali na jiko, kwa sababu inawaka moto upesi. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha huwa na manukato na mafuta, haifai. Baada ya kukausha kwa kitambaa laini bila kusugua, weka kila sarafu kwenye bahasha yake ndogo ya karatasi, na uandike juu yake ulipoipata na tarehe. Ishike kwa ukingo, kwa kuwa alama ya kidole ina chumvi.

Na ukiokota zaidi ya sarafu moja mahali pamoja, shambani au chini ya msingi wa nyumba ya zamani, usizigawe wala usizisafishe hata moja. Huenda ni akiba ya mtu aliyeificha wakati wa vita au wa mabadiliko ya fedha, na udongo ulioshikana nazo ni sehemu ya maelezo yake. Zipige picha zilipo, kisha waulize Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyofunguliwa mwaka 1955, ukiwapelekea zikiwa na uchafu wake wote.